Mwaka Walipotupima Akili

Ninyi mtakaosoma haya, wajukuu zangu na rafiki zenu, zimeni simu kwanza, halafu msome polepole. Mimi si mtu wa vitabu. Shule yangu iliishia darasa la sita, na sababu yake ndiyo nataka kuiandika, kwa maana siku ya kumzika Apiyo kule Sindo niliwakuta mmejikusanya nyuma ya hema, mmeinamia simu moja, mnacheka. Nilidhani ni mambo ya mpira. Achieng akanionyesha. Ilikuwa ramani ya dunia nzima, kila nchi imepakwa rangi na kupewa namba, na namba hiyo, akanieleza, ni wastani wa akili za watu wa nchi hiyo. Wengine wako juu kabisa, sisi tuko huku chini, rangi yetu imepauka kama shati lililofuliwa miaka mingi. "Dani, tumeandikwa sisi ni wazito," akasema, maana kwetu bibi huitwa dani, na mdogo wake Awuor akadakia, "Ni Achieng anayetushusha. Mtoeni yeye, Kenya itapanda." Mkacheka tena wote, na Achieng akacheka nanyi, lakini mimi nilimwona uso. Sikuwagombeza kwa sababu mchungaji alikuwa anaomba. Sasa nawagombeza. Hiyo namba mimi najua inakotoka. Niliwahi kukaa kwenye kiti huku watu wawili wenye elimu kubwa wakiitoa kichwani mwangu, na mwaka huo ndio ulionifanya niwe huyu mnayemjua, mama mkali wa Uriri ambaye hajui kusoma barua ya benki ya Kiingereza bila kuitiwa mtoto.

Apiyo alikuwa pacha wangu. Yeye alitangulia kutoka, mimi Adongo nikafuata, na kwetu hilo linatosha kuwapa watoto majina na kuwapangia maisha. Mama alitulea kwa sheria moja ambayo sikuwahi kumwona akiilegeza: pacha hawapitani. Tukipewa uji, Apiyo ananyanyua kikombe ndipo nami ninyanyue. Tukienda kupanda, mbegu ya kwanza ni yake. Apiyo akiumwa na kukataa kula, mimi nami sili mpaka aonje. Siku moja, tukiwa bado wadogo, nilimwacha nyuma njiani kutoka mtoni nikafika nyumbani na maji yangu peke yangu. Mama hakupiga kelele. Alinigeuza pale pale mlangoni, ndoo ikiwa kichwani, akanirudisha mpaka tulipomkuta Apiyo, ndipo tukaja, yeye mbele mimi nyuma. Aliamini kwamba nikimpita, mmoja wetu atakufa. Mkitaka kucheka chekeni. Mimi nilikuwa mtoto na niliogopa, na uoga ukimwingia mtoto mapema hivyo unashuka mpaka kwenye vidole.

Wageni walikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, sisi tukiwa tumeingia darasa la sita. Tulikuwa wasichana wakubwa tayari, maana siku zile wengi tulianza shule tumechelewa. Shule yenyewe ilikuwa ya udongo, madirisha ni matundu, tunagawana kitabu kimoja cha hesabu benchi zima, na aliyekaa pembeni anasoma nusu ya ukurasa na nusu nyingine anakisia. Wageni walikuwa mama mmoja wa Nairobi tuliyeambiwa ni daktari, ila si wa sindano, na mzungu mrefu aliyevaa saa inayoning'inia shingoni kwa kamba. Watu wa soko walimpa jina siku ile ile, wakamwita Jasaa, yaani mwenye saa. Kijaluo hawakujua hata mmoja, kwa hiyo waliajiri Mwalimu Ouma wa shule yetu awe mdomo wao. Walipanga nyumba ya mabati ya mwenye duka karibu na soko la Uriri, na Mama akachukuliwa kuwapikia. Ndiyo maana nayajua yote haya. Mimi na Apiyo ndio tuliobeba sahani.

Sebule ile naiona mpaka leo. Meza ndefu iliyofunikwa plastiki yenye picha za machungwa, viti visivyofanana, masanduku ya bati yaliyopangwa ukutani, na harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na ya kuku. Daktari na Jasaa walizungumza Kiingereza wao kwa wao, lakini Daktari akitaka kumweleza Ouma jambo kwa undani alitumia Kiswahili, na Kiswahili tulikisikia, maana cha sokoni na cha shuleni tulikuwa nacho. Siku ya kwanza walikula omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali. Jasaa alikuwa anatenga vichwa pembeni ya sahani, na Daktari akamcheka, akatafuna zake pamoja na vichwa. Akamweleza Ouma kwamba huko nje kuna wasomi wamezipanga nchi kama watoto wa darasa, ya kwanza mpaka ya mwisho, kwa akili za watu wake, na nchi za watu weusi wameziweka nyuma. Wanasema ni damu. Wanasema ndivyo tulivyoumbwa. Akasema ni uongo, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa yeye mwenyewe. Akasema kinachopimwa pale ni shule. Mtoto aliyefundishwa vizuri, aliyeshiba, aliyezoea karatasi na saa, namba yake inapanda, na nchi yenye watoto hao wastani wake unapanda, na yeye amekuja kulionyesha hilo ili wale wasomi wafunge midomo. Atawapima watoto wa hapa. Halafu atachukua baadhi yao awapeleke shule nzuri ya bweni Homa Bay, kila kitu kimelipwa, na baadhi atawaacha. Mwaka ukiisha anawapima wote tena.

Ouma aliuliza wale watakaoachwa watapata nini. Daktari akapangusa mikono. "Watakuwa kama walivyo, Mwalimu. Hatuwaondolei kitu."

Nilimpenda mama yule siku hiyo. Nataka mjue hilo. Nilisimama na jagi la maji pale mlangoni nikaona kwamba amekuja kutupigania.

Wakatupima. Kwa kawaida mtoto aliingia peke yake, lakini Mama alikataa katakata tutenganishwe, akasema pacha wanaingia pamoja au hawaingii, na Jasaa akasikia neno pacha akafurahi sana, akatuwekea meza mbili zinazotazamana. Kulikuwa na vibao vidogo vya mbao, pande nyingine nyekundu, nyingine nyeupe, nyingine nusu kwa nusu. Anakuwekea picha, wewe unapanga vibao vifanane nayo, yeye anabonyeza saa. Mimi nilikuwa naona. Sijisifu, mtu anayesuka mikeka na kupanga kuni anaona jinsi vitu vinavyoingiana, na mimi nilikuwa nikiitazama picha inajipanga yenyewe. Nilikuwa nimemaliza, kibao kimoja cha mwisho kiko kiganjani, natazama mikono ya Apiyo. Apiyo akiweka chake cha mwisho, nami naweka changu. Picha ya pili hivyo hivyo. Picha zote. Baadaye Ouma akaanza kutuuliza maswali ya mdomo, na kila swali nilimwacha Apiyo ajibu, kisha nikajibu. Mara mbili Apiyo alikosea nami nikajua amekosea. Ningewezaje kusema lingine? Nikarudia kosa lake, neno kwa neno, ili tuwe pamoja. Jasaa aliandika huku akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayemhurumia ndama mgonjwa.

Jumapili iliyofuata wakaja nyumbani. Baba aliwaweka chini ya kivuli cha banda la tumbaku, akawapa viti, Mama akaleta chai na viazi vitamu. Daktari alieleza kwamba katika watoto wote pacha ndio wenye faida kubwa zaidi kwa kazi yao, kwa sababu damu ni moja, nyumba ni moja, chakula ni kimoja. Mmoja akienda na mmoja akabaki, hakuna atakayeweza kusema tofauti yao ni ya kuzaliwa. Jasaa alitaka warushe shilingi juu. Baba hakupenda. Alisema watoto si mbuzi wa bahati nasibu, kama wamepima basi waseme mwenye kichwa ni nani. Ouma akatazama karatasi, akasema ni Apiyo.

Hapo Mama, ambaye alikuwa amesimama na birika, akasema kwa Kijaluo, bila kupandisha sauti, kwamba yule wa pili humngojea wa kwanza, kwamba yeye ndiye aliyemfundisha hivyo tangu kunyonya, na kwamba kama walitaka kujua kichwa cha Adongo wangempima peke yake, Apiyo akiwa hayupo. Ouma alitafsiri kila kitu, simlaumu. Daktari aliinua macho akanitazama mimi, sawasawa, kama mtu aliyegundua dirisha ambalo hakulijua kwenye nyumba. Alielewa. Akaandika kidogo. Akasema, "Asante, Mama Apiyo. Hilo ni jambo zuri kulijua. Mwisho wa mwaka tutawapima kila mmoja peke yake." Baada ya hapo akaomba chai nyingine. Baba akasema wageni wasisumbuliwe na mambo ya wanawake. Apiyo alichukuliwa wiki ile ile na gari lao, sanduku jipya la bati magotini, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe nilikula uji asubuhi bila mtu wa kunyanyua kikombe kwanza. Nilikishika kikombe mpaka kikapoa.

Mimi nilibaki shuleni muda mfupi tu. Pesa ya ujenzi ikaitishwa, nikarudishwa nyumbani kama wenzangu wengi, na wenzangu waliporudi mimi sikurudi. Baba hakunichukia. Alikuwa na miche ya tumbaku inayotaka mikono, na wageni wenye elimu kuliko watu wote aliowahi kuwakaribisha walikuwa wamemwambia mbele ya mkewe ni mtoto yupi mwenye kichwa. Angepoteza pesa kwa yule mwingine kwa sababu gani? Ninyi mnadhani namba ni kitu cha kwenye simu. Namba ikishasemwa ndani ya boma inapewa jembe. Nilipalilia, nikavuna majani, nikayafunga kwenye fito, nikakaa bandani kuchochea moto, na utomvu wa tumbaku ukanishika mikono mpaka ikawa myeusi na inanata, sabuni haiutoi, ugali unakuwa mchungu ukiushika. Dada za Baba wakipita walizoea kusema, huyu ndiye yule aliyebaki, na walisema kwa upole kabisa.

Likizo ya mwezi wa nne Apiyo alirudi. Amenenepa, ana viatu, na anapoongea Kiswahili anatia Kiingereza katikati bila kujua. Mchana tukiwa kwenye tumbaku aliniuliza mbona siendi shule, nikamwambia. Kesho yake alikata vibao kutoka kwenye mti mkavu wa mkonge, akavipaka udongo mwekundu upande mmoja, akaanza kunifundisha. Alisema kule Homa Bay kila Ijumaa mwalimu anawawekea picha kama zile za Jasaa na kuwabonyezea saa, wanashindana, anayemaliza kwanza anapigiwa makofi. Ndipo nikajua. Nilikuwa nimefikiri kile kipimo ni kama mizani ya kahawa, kinakukuta ulivyo. Kumbe ni somo kama masomo mengine, na kuna watoto wanaofundishwa. Apiyo alinifundisha hesabu za mafungu, akanifundisha kusoma grafu aliyoichora ardhini kwa kijiti, na nilikuwa nakwenda mbio, kichwa changu kina njaa, mpaka yeye mwenyewe akacheka akasema, "Wewe, kumbe ulikuwa unanidanganya miaka yote hii." Siku chache kabla hajarudi, Mwalimu Ouma akaja na baiskeli kumsalimu Baba, akatukuta na vile vibao. Akaviangalia, akatabasamu, akanipiga bega. Sikujua kwamba tabasamu la mwalimu linaweza kwenda kuripoti.

Likizo ya mwezi wa nane Apiyo hakuja. Ouma alikuja badala yake, akakaa mbali kidogo na Baba, akasema wageni wanaomba radhi lakini watoto wa Homa Bay watabaki huko huko likizo hii, kwa sababu wakirudi wanawafundisha wale wengine na kazi yote inaharibika. Alisema hivyo, inaharibika, kama maziwa. Baba akajibu kama kazi ni ya wageni basi wafanye wanavyojua. Mama alikuwa anachambua osuga pale mlangoni, ile mboga chungu ambayo Waswahili huiita mnavu. Akaacha mikono ndani ya ungo. Jumapili hiyo hiyo alinivalisha gauni lake mwenyewe, akanikaza kiunoni kwa leso, akabeba njugu za kukaanga na ufuta, tukaenda Homa Bay.

Walitukubalia kuingia mpaka kwenye bwalo la chakula. Nilikuwa sijawahi kuona chumba kikubwa hivyo ambacho si kanisa. Sakafu ya simenti nyekundu iliyosuguliwa inang'aa, meza ndefu, wasichana waliobakizwa likizo wamekaa kwa mistari, wali na maharagwe na kipande cha kabichi. Wakatuona mimi na Apiyo pamoja, bwalo likavuma. Mmoja akamwuliza Apiyo, "Huyu ni wewe ulipoungua?" Wakacheka, na Apiyo akamwambia anyamaze, lakini alikuwa amecheka kidogo kabla hajakumbuka. Nilificha mikono chini ya meza. Waliniletea sahani, nami nikakaa bila kuigusa, na Mama akanitazama, nami nikamtazama Apiyo. Apiyo alikuwa anakula. Alikuwa ameanza kitambo, anaongea na Mama mdomo umejaa, ndipo akaona wali wangu umekaa kama ulivyopakuliwa. Akaweka kijiko chini.

"Adongo," akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini ili wenzake wasisikie. "Usiningoje tena. Hapa hakuna anayemngoja mtu. Siku wakikuita, weka vibao vyote, usitazame mikono ya mtu. Umesikia?"

Mama alisikia. Ilikuwa sheria yake iliyovunjwa mbele yake, juu ya meza ya watu. Alifungua ule mfuko wa njugu, akammiminia Apiyo, kisha akanimiminia mimi, kwa mara ya kwanza bila kuangalia nani ameanza kutafuna.

Mwezi wa kumi na moja walituita. Niliingia peke yangu. Vile vibao nilivimaliza, sikungoja mtu, Jasaa akaangalia saa yake mara mbili, akasema neno kwa Daktari. Nikadhani nimeshinda. Halafu wakaleta karatasi. Hadithi ya kusoma na kujibu, jedwali la namba, maneno ya kupanga kwa mafungu, mengine ya Kiingereza ambayo darasa la sita lingenifundisha kama ningekuwa nalo. Kalamu sikuwa nimeishika tangu Apiyo aondoke mwezi wa nne. Iligandana na vidole vyangu kwa ule utomvu, na karatasi ikaganda pia, nikaichafua, nikawa nafuta kwa gauni na kuzidi kuichafua. Saa inakwenda. Kuna swali lilikuwa juu ya lifti, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia lifti ni nini. Waliponiambia inatosha nilikuwa bado niko katikati ya karatasi ya pili. Jasaa alikuwa mtu mwema, alinipa peremende. Niliiweka mdomoni ikawa chungu, kwa sababu niliifungua kwa mikono yangu mwenyewe.

Siku yao ya mwisho Mama aliwapikia kuku, chapati na wali, na Ouma akaja. Apiyo alikuwa nyumbani tayari kwa likizo kuu, kwa hiyo tulibeba sahani wote wawili kama mwanzo. Daktari alikuwa na furaha niliyoiona kwa mabibi harusi tu. Alisema kwa Kiingereza, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili ya Ouma, hakujali tuko pale. "Tazama, Mwalimu. Tumbo moja, damu moja, mwaka mmoja tu. Yule amepanda, huyu ameshuka. Wakisema tena kwamba Mwafrika amezaliwa mzito, nitawawekea hawa wawili mezani." Akasema ni kitu cha kuandikwa duniani kote. Akasema serikali zikijenga shule na kulisha watoto, nchi nzima itapanda. Jasaa akainua soda yake, Ouma naye akainua. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli la mchuzi. Nataka mnielewe, maana hapa ndipo watu wanaponikosea wakidhani namwita mama yule mwongo. Alisema kweli. Kila neno. Na kweli hiyo alikuwa anaijua tangu ile siku ya omena, kabla hajaja nyumbani kwetu, kabla Apiyo hajapanda gari. Alikuwa anajua mtoto asiyefundishwa atashuka, na alihitaji mmoja wa kushuka ili wazungu waamini, na nilikuwepo.

Mama alimaliza kugawa chapati, akamwuliza Ouma amwulize Daktari, na Adongo sasa anaenda lini. Ouma akauliza. Daktari akasema, kwa upole, kwamba kazi imekwisha, kwamba Apiyo ataendelea kulipiwa mpaka amalize kidato cha nne kwa sababu waliahidi, na kwamba kwa yule mwingine hakukuwa na mpango, ila akifika Nairobi ataona.

Mama hakuuliza tena. Aliweka sinia chini, akaanza kuondoa sahani. Aliondoa ya Jasaa ikiwa na paja zima la kuku, akaondoa ya Ouma, akaondoa ya Daktari mkono wa Daktari ukiwa bado unaelekea kwenye chapati. Ninyi wa siku hizi mnakula mkitembea, hamjui ni jambo la namna gani mwanamke wa kwetu kumwondolea mgeni chakula ambacho hajamaliza. Hata mchawi huachwa amalize.

"Mama Apiyo," Daktari akasema, "bado tunakula."

"Mmeshiba," Mama akamjibu, kwa Kiswahili, ili kusiwe na haja ya Ouma.

Hakuna kilichotoka Nairobi. Nilirudi kwenye tumbaku, nikaolewa mapema, nikafanya biashara ya mboga Uriri na baadaye ya mbuzi mnadani Ogwedhi, nikalea, nikazika mume. Apiyo alisoma, akawa muuguzi, akaolewa Sindo, akazalisha nusu ya watoto wa ufuo ule. Alinitumia sukari, leso, sare za watoto wangu, kila mwaka bila kukosa, na nilizipokea, na nyakati nyingine nilizipokea vibaya, namtumia salamu fupi za asante kama mtu anayelipwa. Hatukugombana hata siku moja. Ila tulikuwa tukikaa pamoja, watu wakiingia na kumsifu kwa akili zake, yeye anatazama chini na mimi natazama mlangoni, na hivyo ndivyo pacha wawili walivyotumia miaka yao. Kwenye mazishi yake mzee mmoja alishika kipaza sauti akasema Mungu hugawa kwa hekima, marehemu alimpa kichwa na pacha wake akampa mikono, na hema zima likaitikia amina. Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Nilipoinuka kwenda nyuma ya hema, ndipo nikawakuta ninyi mnacheka na ramani yenu. Mimi nimo ndani ya namba ile. Sijui kama karatasi yangu iliyochafuka ilifika mpaka huko wanakopaka rangi nchi, lakini kama si yangu ni ya mtoto kama mimi, aliyeitiwa saa kabla hajaitiwa mwalimu. Mnaposema wastani wa Kenya mnasema nani aliachwa nyumbani na nani alipelekwa Homa Bay, mkawachanganya, mkagawanya. Hakuna zaidi ya hapo. Na hao waliotupigania, sijawasamehe, na mchungaji ameshaniuliza mara nyingi, na jibu langu ni lile lile.

Tuliporudi kutoka Sindo, tulikula chakula cha mchana hapa kwangu. Mwanangu Okoth alikuwepo na mkewe Atieno, na binti zao hao wawili, Achieng na Awuor. Okoth akaniambia, kwa furaha, kwamba amepata nafasi ya Awuor kwenye shule ya bweni ya kulipia, tena Homa Bay, kwa sababu Awuor ndiye mwenye alama za juu. Achieng ataendelea na hii shule yetu ya hapa na atanisaidia mimi na mbuzi, kwani hata mwalimu wake amesema si mtu wa masomo. Alisema yote hayo Achieng akiwa amekaa hapo hapo, mkono wake ukiwa kwenye ugali, na nikauona ule mkono ukisimama. Nikamwuliza Okoth nani aliyempima. Akasema, Mama, si suala la kupima, pesa inatosha mmoja. Nikamwuliza tena nani aliyempima, na alikuwa amemfundisha nini kabla ya kumpima. Akaanza kunieleza mambo ya mtaala. Nikamnyamazisha. Sikupandisha sauti, mnajua siipandishi.

Niliwaambia hivi, na neno langu halijabadilika mpaka leo. "Okoth, Jumatatu utakwenda Homa Bay ukatoe jina la Awuor. Wasichana hawa wawili wataingia shule moja, mlango mmoja, siku moja. Kama pesa haitoshi wote kule, watasoma wote hapa, na hiyo pesa uliyokuwa nayo itamlipa mwalimu wa kuwafundisha wote wawili kila jioni kwenye meza hii, Achieng akianza na kalamu mpya. Mbuzi nitachunga mimi. Na katika boma langu, mtu akitamka tena kwamba mtoto fulani ni mzito, atainuka aende akale kwake. Achieng, kula."